Simu na TV ziko sebule moja, kwa nini lazima ninunue bando ndiyo zionane?

MamaWaRau (Moshi), 9 Novemba, saa 3:20 usiku

Wakuu heshima kwenu, na wazee shikamooni. Mimi huwa nasoma tu humu na kuondoka kimya kimya, ila leo nauliza mapema kabla Desemba haijanikuta tena na aibu ya mwaka jana.

Mimi naishi Rau, lakini Krismasi tunapanda Machame kwa wakwe zangu, ukoo mzima. Mnaotoka huku mnajua, lazima twende tukahesabiwe. Mwaka jana tulikuwa watu thelathini na nane kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Wiki mbili kabla ya hapo kijana wangu wa kwanza alikuwa amepata kipaimara huku mjini. Bibi, yaani mama mkwe, hakuweza kushuka kwa sababu ya miguu. Basi nikamwahidi: tarehe 26, ndafu ikishaliwa, tutaangalia sote kwenye TV.

Tuna TV mbili kule. Sebuleni kuna ya inchi 43 ya kisasa, shemeji aliileta. Chumbani kwa bibi, nyumba ya nyuma, kuna nyingine bapa ambayo wifi aliituma kutoka Dubai mwaka 2012. Hiyo si janja kabisa, ila ina tundu nyuma kama la waya wa simu ya mezani, pana zaidi kidogo, ambalo hakuna aliyewahi kulichomeka kitu. Kati ya nyumba hizo mbili ni kama hatua arobaini, zote ndani ya migomba.

Sasa sikieni. Video nilizorekodi kwa simu nilikuwa nimezihamishia kwenye laptopu, ile kubwa ya ibada ni GB 7. Nikajaribu kuiweka kwenye fleshi, ikagoma, inasema faili ni kubwa mno. Fleshi ni ya GB 32 na ilikuwa tupu! Mtoto wa shemeji akaniambia, "Mama mdogo usihangaike, tunakasti." TV ikadai intaneti. Akafungua hotispoti kwenye simu yake, akakata kipande cha video, akakipakia mtandaoni, halafu TV ndiyo ikaanza kukishusha kutoka huko huko. Yaani kitu kilipanda mlima, kikaenda sijui Ulaya, kikarudi mlimani kwenye ukuta ulioko mita nne kutoka kwenye simu kilikotoka. Bando la elfu kumi likaisha mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. Watu wakatawanyika kwenda kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Bibi mpaka leo ameona vipande tu kwenye kioo cha simu, na macho yake ndiyo hayo.

Maswali yangu:

Simu, laptopu na TV vikiwa nyumba moja, haviwezi kupeana kitu vyenyewe kwa vyenyewe bila kupitia kwa mtu wa nje? Nimesikia neno rika kwa rika, sijui ndiyo hiyo.

TV ya bibi inaweza kupata video ile ile bila mtu kuvuka migomba usiku na fleshi mkononi?

Na hili ni la udadisi tu: king'amuzi chetu cha dishi kina kitufe cha michezo na kura. Ukibonyeza kinasema unganisha mtandao. Kama dishi linaleta picha kutoka angani, kwa nini lisipeleke jibu langu huko huko?

Sitaki kununua vitu vipya vya bei. Nina ruta ya zamani ya laini ambayo haina laini tena, laptopu yenye Windows 10, na simu za watu wengi mno.

KijanaWaKwaMrefu (Arusha), 9 Novemba, saa 3:41 usiku

Dada, nunua waya wa HDMI, chomeka laptopu kwenye TV, mchezo umeisha. Ukisubiri wataalamu wa jukwaa hili watakuletea historia ya dunia tangu Nuhu.

MamaWaRau, 9 Novemba, saa 3:44 usiku

Asante mdogo wangu, huo waya ninao. Na bibi je? Waya wa hatua arobaini?

KijanaWaKwaMrefu, 9 Novemba, saa 3:45 usiku

Hapo kwa bibi nimekwama 😂 Ngoja waje.

FundiNjiro (Arusha), 9 Novemba, saa 4:30 usiku

Mama, pole kwa bando. Nimecheka kwenye mahubiri lakini ni tatizo ninaloletewa dukani kila mwezi, na linaanzia kwenye neno moja: kukasti.

Watu wanadhani ukikasti, simu ndiyo inarusha video. Mara nyingi sivyo. Simu inaipa TV anwani tu, inaiambia "nenda kachukue pale," kisha simu yenyewe inageuka rimoti. Ndiyo maana unaweza kuendelea kupiga soga kwenye simu na video inaendelea. Anayekwenda kuchota ni TV, na kisima kiko mtandaoni. Hata programu ndogo ya kuonyeshea hiyo video TV huwa inaishusha kutoka huko huko. Hakuna intaneti, hakuna kasti. Kijana wenu hakukosea, alitumia tu njia ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya kihamba kisicho na mtandao.

Njia unayoitafuta ipo, na ni ya zamani kuliko hiyo TV ya shemeji. Inaitwa DLNA. Mwaka 2003 kampuni za vifaa vya nyumbani na za kompyuta, Sony, Intel na Microsoft zikiwemo, ziliunda umoja ili TV, redio, kompyuta na kamera za kampuni tofauti zielewane ndani ya nyumba. Umoja wenyewe ulivunjwa 2017, lakini lugha yake imebaki ndani ya TV nyingi bila mwenye TV kujua.

Inavyofanya kazi ni kama sisi tunavyoingia kwenye mji wa mtu. Kifaa kikiwashwa kinapiga hodi: kinatuma ujumbe kwenye anwani moja ya pamoja, 239.255.255.250, mlango namba 1900, kinasema "mimi ni fulani, nina video na picha." Vyote vilivyomo nyumbani vinasikia. Kinachotaka kuangalia kinajibu na kuomba orodha. Hakuna mkubwa wa kuandikisha majina, hakuna akaunti, hakuna nywila, na hodi hiyo haitoki nje ya ruta yako. Kimoja kinakuwa ghala (laptopu yako), kingine kinaonyesha (TV), na ukipenda simu inashika urimoti. Kesho vinaweza kubadilishana zamu. Hiyo ndiyo rika kwa rika yako.

Sasa vitu vyako kimoja kimoja.

Hiyo ruta isiyo na laini usiitupe! Ruta bila intaneti bado ni ruta. Kazi yake hapa ni kugawa anwani na kupitisha mizigo kati ya vifaa vya nyumbani, basi. Simu zitalalamika kwamba hakuna intaneti na zitataka kukimbilia data ya laini, ziambie zibaki. Ingia pia kwenye mipangilio ya ruta uhakikishe haijawekwa kutenganisha vifaa vya Wi-Fi. Ruta nyingine zinafanya hivyo hasa kwenye mtandao wa wageni, na hapo kila kifaa kinapiga hodi peke yake kama kichaa.

Tundu la TV ya bibi: hilo ndilo la dhahabu. Ni tundu la waya wa mtandao. TV ya 2012 yenye tundu hilo, kuna uwezekano mkubwa sana inaijua DLNA. Angalia kibandiko nyuma au pembeni, tafuta herufi hizo nne. Kama zipo, bibi ana TV janja kuliko mnavyodhani.

Kuhusu kuvuka migomba, usijaribu Wi-Fi. Jani la mgomba limejaa maji, shina nalo ni maji matupu, na maji yanameza mawimbi ya Wi-Fi. Hatua arobaini za uwanja wazi ningekuambia jaribu, hatua arobaini za kihamba hapana. Vuta waya wa mtandao kutoka ruta mpaka kwa bibi. Waya huo unafika mita 100 bila kifaa cha kati, wewe una kama 30. Upitishe ndani ya bomba la plastiki la umeme, na siku za radi uuchomoe pande zote mbili. Hilo la radi usilipuuze, kwa nchi ile ya mlimani.

Fleshi iliyogoma: haijajaa, imepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haukubali faili moja linalofika GB 4. Hata fleshi iwe ya GB 256, ikiwa imepangwa hivyo itagoma. Kwa njia ya ghala hatuihitaji kabisa.

La mwisho, usilisahau. Simu yako inawezekana inarekodi kwa H.265, kodeki (yaani namna ya kubana video) iliyopitishwa mwaka 2013. TV ya bibi imezaliwa 2012. Itaisikia sauti na picha haitaiona, au itagoma kabisa. Zigeuze video zako kuwa H.264, kodeki ya zamani zaidi, kwenye laptopu kwa HandBrake, ni programu ya bure, iache ifanye usiku kucha.

KijanaWaKwaMrefu, 9 Novemba, saa 4:38 usiku

Nilisema mimi. Nuhu amefika.

Ila fundi, si kuna ile ya kioo cha simu kuonekana chote kwenye TV bila ruta wala nini? Naitumia gheto.

FundiNjiro, 9 Novemba, saa 4:52 usiku

Hiyo ni Miracast, ya 2012, inapanda juu ya Wi-Fi Direct, yaani Wi-Fi ya kifaa kwa kifaa bila ruta. Ni nzuri na ni rika kwa rika halisi, simu na TV ana kwa ana. Utamu wake ni jinsi vinavyokubaliana nani ashike usukani: kila kimoja kinataja namba kati ya 0 na 15 kuonyesha kina hamu kiasi gani ya kuwa mwenyeji, na mwenye namba kubwa ndiye anakuwa. Vyote viwili viking'ang'ania 15, mapatano yanavunjika. Kama vikao fulani vya harusi ninavyovijua.

Ila kwa huyu mama haifai. Simu lazima ibaki imewaka muda wote, mtu akipigiwa simu ukoo mzima unaona anayepiga ni nani, na TV ya bibi haina hata hiyo Wi-Fi. Na si simu zote zinayo.

MzeeWaAntena (Arusha), 10 Novemba, saa 12:15 asubuhi

Marahaba binti. Fundi amemaliza la video, mimi niseme la kitufe, kwa sababu kitufe hicho kimenisindikiza maisha yangu yote ya kazi.

Nilianza na redio pale Kaloleni mwaka 1981. TV za kwanza kutengeneza zilikuwa za watu waliokuwa wanavizia mawimbi ya Kenya kwa antena ndefu kama minazi, maana Tanzania Bara hatukuwa na kituo mpaka 1994. Nilikuwa nakusanya majarida ya ufundi kutoka kwa wageni waliokuwa wanaondoka nchini, na humo ndimo nilimosoma kwamba Marekani, mji wa Columbus, Ohio, tarehe 1 Desemba 1977 walizindua TV ya waya iliyoitwa QUBE. Mtazamaji alikuwa na kisanduku chenye vitufe vitano vya kujibu. Mtangazaji anauliza swali, watu wanabonyeza, kompyuta inazunguka nyumba zote inahesabu, na majibu yanatokea kwenye kioo papo hapo. 1977! Sisi hapa tulikuwa bado na redio ya mbao.

Ilipendwa, lakini ilikula fedha kuliko ilivyoingiza. Katikati ya miaka ya 80 haikuwepo tena. Mwaka 1994 Time Warner wakajaribu tena Orlando, Florida, na vifaa vya bei kubwa zaidi. Ilifika kama nyumba elfu nne, na 1997 wakafunga. Nimefuatilia mambo haya kwa muda, na kila mara kikwazo kikubwa ni kile ulichokiuliza wewe bila kujua: njia ya kurudi.

Dishi lako ni sikio. Satelaiti iko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kile kichwa kilichoko mbele ya dishi kazi yake ni kupokea tu. Kurudisha sauti kule juu kunataka kifaa cha kurushia, chenye nguvu yake, kilichoelekezwa sawasawa, na chenye kibali. Hakuna atakayekuwekea hicho juu ya bati ili upige kura ya mwimbaji. Uingereza mwishoni mwa miaka ya 90 walizunguka tatizo hilo kwa kuchomeka king'amuzi kwenye waya wa simu ya mezani: picha inashuka kutoka angani, jibu linapita ardhini. King'amuzi chako kinafanya hivyo hivyo, ila kwake ardhini ni intaneti. Na sisi tulipokosa vyote viwili tukapiga kura kwa SMS, ambayo ukiifikiria ndiyo QUBE ya maskini.

Ving'amuzi vya antena navyo ni masikio vile vile. Mwaka 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa huku kwetu, watu walikuja dukani wakiniambia sasa TV ni ya dijitali, tutaongea nayo. Nikawaambia dijitali ni namna ya kuandika barua, haimaanishi kwamba kuna posta ya kurudishia jibu.

Na hili la vifaa kuongea vyenyewe bila mkubwa, fundi ameanzia 2003, kuna waliotangulia. Kampuni nane, Sony, Philips, Toshiba, Hitachi, Sharp, Matsushita, Thomson na Grundig, zilikaa pamoja wakatoa mfumo ulioitwa HAVi, toleo la kwanza mwisho wa 1999. Walitumia waya wa FireWire, vifaa mpaka 63 kwenye mtandao mmoja, na hakuna kompyuta ya katikati. Jambo zuri kuliko yote ni hili: deki ikichomekwa, inakuja na maelekezo yake yenyewe yaliyoandikwa kwa Java, lugha ya kuandikia programu, inaipa TV, na TV inajua namna ya kuiendesha hata kama ilitengenezwa miaka mitano kabla deki hiyo haijabuniwa. Mgeni anakuja na mkalimani wake! Nilitamani sana kuiona. Sikuwahi kugusa hata TV moja yenye HAVi. Waya ule ulikuwa na kikomo cha mita nne na nusu kutoka kifaa hadi kifaa, bei ilikuwa ya juu, halafu HDMI ikaja ikachukua waya, Wi-Fi ikachukua hewa.

Samahani kwa urefu. Huyu kijana wa Kwa Mrefu nimemsikia.

KijanaWaKwaMrefu, 10 Novemba, saa 1:02 asubuhi

Shikamoo mzee. Hiyo ya sikio nimeielewa kuliko chuoni. Sitanii tena.

Sakina_Kwanza (Arusha), 10 Novemba, saa 7:30 mchana

Wakuu, nidandie hapa hapa. Nilinunua kisanduku cha Android cha kuchomeka kwenye TV, hakina jina la maana, muuzaji aliniambia kina filamu zote za dunia bure kwa mfumo wa rika kwa rika. Filamu zipo kweli. Lakini bando la nyumbani linakwisha hata siku ambazo hatujawasha TV. Je, ndiyo rika kwa rika inavyokula?

FundiNjiro, 10 Novemba, saa 2:10 usiku

Yanaweza kuwa mambo mawili, na la pili ni baya.

La kwanza ni la kawaida. Mfumo wa torenti, aliouanzisha Bram Cohen mwaka 2001, unakata faili vipande vidogo. Ukishapata kipande, na wewe unakuwa muuzaji wa kipande hicho kwa wengine. Ni haki, ndiyo maana hauhitaji seva kubwa. Lakini kwetu tunaonunua GB kwa kuhesabu, unalipia kupokea na unalipia kugawa. BBC walianza iPlayer, huduma yao ya kutazama vipindi mtandaoni, mwaka 2007 kwa kutumia kompyuta za watazamaji kupeana vipindi namna hii, na mwaka uliofuata wakaiacha. Spotify, wale wa muziki, nao walitumia mpaka 2014. Seva zilipokuwa rahisi, na watu wakahamia kwenye simu zenye betri ndogo, kampuni zikaona hakuna sababu ya kumbebesha mteja mzigo. Sisi huku tungewaambia mapema.

La pili: Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kundi la programu hasidi linaloitwa BADBOX 2.0, linalokaa kwenye vifaa vya nyumbani, hasa visanduku vya TV vya bei nafuu visivyo na jina, vingine vikiwa vimeambukizwa kabla havijatoka kiwandani. Kisanduku kinageuzwa mlango wa wahalifu: wanapita kwenye intaneti yako, kwa anwani yako, kufanya mambo yao. Nacho ni rika kwa rika, ila rika hujawahi kulialika. Alama zake mojawapo ni hiyo unayoisema, matumizi usiku mmelala. Nyingine ni kisanduku kinachokutaka uzime ulinzi wa Google ili programu zake zifanye kazi.

Kichomoe kwa siku tatu, si kukizima kwa rimoti, kichomoe kwenye ukuta, uone bando. Likitulia, umepata jibu, na kisanduku hicho usimgawie shemeji.

Na mama wa Rau, kwenye laptopu yako kuna kitu cha aina hii pia, kile halali: Windows 10 ina mpangilio wa kugawana masasisho na kompyuta nyingine. Ukiwa kwenye hotispoti ya mtu, angalia usiwe umewekwa kugawia kompyuta za kwenye intaneti.

Sakina_Kwanza, 13 Novemba, saa 3:05 usiku

Siku tatu zimeisha. Bando limetulia tuli. Watoto wamenuna. Kisanduku kiko kabatini na nimekifunga kwa mpira kana kwamba kitatoka.

MamaWaRau, 27 Desemba, saa 4:50 usiku

Naandikia Machame, nimepanda juu karibu na barabara ndiyo mtandao umepatikana. Niliahidi moyoni nitarudisha majibu.

Herufi nne zilikuwepo! Kibandiko kilikuwa nyuma ya TV ya bibi, chini ya vumbi la miaka kumi na tatu. Waya nilinunua Moshi mjini, mita arobaini, vichwa vimeshabanwa. Vijana waliupitisha kwenye bomba wakalifukia chini ya majani makavu, wakakata na bomba la maji ya ng'ombe kwa bahati mbaya, hiyo ni habari nyingine na babu bado hajatusamehe.

Jioni ya tarehe 25 nikawasha. Laptopu inaona ruta, TV ya sebuleni inaona ruta, lakini TV haioni laptopu. Nimehangaika saa nzima na jasho linanitoka mbele ya mashemeji. Kumbe wakati laptopu inaunganishwa iliniuliza mtandao huu ni wa umma au binafsi, na mimi kwa hofu ya wezi nikachagua wa umma. Ikajifungia ndani haijibu hodi ya mtu. Nilipobadilisha kuwa binafsi na kuruhusu kugawa video, jina la laptopu likatokea kwenye TV kabla sijafika kukaa.

Tarehe 26 baada ya ndafu tukaanza. GB 7 zote, hakuna bando hata la mia. Kwa bibi nilikwenda mwenyewe kumwekea, kwa rimoti yake ya zamani, orodha ile ile, mafaili yale yale. Moja sikuwa nimeligeuza, fundi alinionya nikasahau: kwaya inaimba na kioo ni cheusi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho akasema hiyo iachwe hivyo hivyo, sauti ya soprano anaifahamu ni ya nani.

Halafu ikaja ya nje ya kanisa, babu anacheza. Anacheza kweli, ameinua na fimbo. Bibi akaniomba rimoti. Akarudisha nyuma. Akaangalia tena. Akarudisha tena, mara tatu, akaniuliza, "Huyu si ndiye goti linamuuma kila nikimtuma kuni?" Nyumba ya mbele hawakujua kinachoendelea, kwao mambo yaliendelea tu, kwa sababu kila TV ilikuwa inachota kivyake. Mzee wa Antena, vitufe viwili vya kurudisha nyuma na kusimamisha vilimtosha bibi, na jibu lake lilirudi kwa miguu: babu ameitwa chumbani kujieleza.

Lina kasoro moja na naomba msaada kabla ya mwaka mpya, tunarudia kwa waliochelewa kufika. TV ya bibi ilikuwa nyuma ya yetu kama sekunde arobaini, na baada ya kurudisha nyuma ikawa dakika kadhaa. Kwa hiyo vigelegele vya sebuleni vinamfikia kupitia migomba kabla hajaona kilichotokea. Kila mara anauliza, "Wamecheka nini?" Kuna namna ya kuzifanya ziende pamoja?

FundiNjiro, 27 Desemba, saa 5:30 usiku

Hongera mama, umenifurahisha usiku huu. Kwa DLNA ya kawaida hakuna. Kila TV ni mtazamaji wa peke yake, haijui mwenzake amefika wapi, na kuzifunga pamoja kunataka vifaa vingine vya gharama.

Mwanzishieni bibi kwanza. Ninyi mfuate dakika tano baadaye.

KijanaWaKwaMrefu, 27 Desemba, saa 5:33 usiku

Halafu vigelegele vianzie kwa bibi, sebuleni ndiyo muulize wamecheka nini 😂

MamaWaRau, 28 Desemba, saa 1:10 asubuhi

Nimemwambia. Amekubali, ila anataka kipande cha babu kiwekwe mwanzo.